Kishikio kimekaza, fremu haijashikwa: kisa cha gurudumu la nyuma la kwiki

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu, na sehemu ya kosa ni yangu. Mwenye baiskeli amekubali nikiandike ili mafundi wenzangu na waendeshaji wakisome. Jina lake, mtaa wake na ofisi anazopelekea mizigo nimeviacha. Fundi aliyeishika baiskeli hiyo kabla yangu naye simtaji, maana ndiye aliyenisaidia kuelewa chanzo na hakuwa na nia mbaya na mtu. Vipimo vya chuma nimeviacha kama vilivyokuwa.

Usuli

Mwenye baiskeli ni kijana wa miaka ishirini na kitu anayepeleka nyaraka na vifurushi vidogo: Posta, Upanga, Kinondoni, Mikocheni, na siku nyingine hadi Ubungo. Begi lake la mgongoni likijaa linafika kilo nane. Baiskeli yake ni fremu ya chuma ya mtumba, ya mbio za zamani, iliyovuliwa gia zote ikabaki na sproketi moja mbele na moja nyuma. Sababu alizonipa zilikuwa za mtu anayejua kazi yake. Gia zinaliwa na mchanga na hewa ya chumvi, vipuri vyake vina bei, na Dar es Salaam sehemu kubwa ni tambarare.

Gurudumu la nyuma lilikuwa la kwiki. Kwa asiyeijua: ekseli ina tundu kutoka ncha hadi ncha, na ndani yake unapita ufito wa chuma wa milimita 5, mwembamba kama wa mshikaki. Upande mmoja wa ufito kuna kofia yenye uzi kama nati, upande wa pili kuna kofia yenye kishikio. Ukikunja kishikio, kemu iliyo ndani yake, yaani kiduara ambacho tundu lake halikutobolewa katikati, inauvuta ufito, na kofia mbili zinaibana midomo ya fremu, yaani mianya inayoshika ekseli, kutoka nje. Huhitaji spana. Jina linalotajwa pamoja na kifaa hiki tangu miaka ya 1930 ni la Mtaliano Tullio Campagnolo, na baiskeli za mbio zilikitegemea kwa miongo mingi.

Kijana aliipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pancha. Kandokando ya barabara zetu kuna misumari, chupa zilizopasuka na zile nyaya nyembamba zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyochakaa. Yeye huchomoa gurudumu, akaziba, akaendelea na safari kabla mteja hajapiga simu mara ya pili. Ya pili ni chumba. Amepanga chumba kimoja, na usiku magurudumu hulala uvunguni, fremu ikaegemea ukuta. Sikuwa na hoja ya kumpinga.

Lakini kwiki kwenye baiskeli ya gia moja ina kazi nzito kuliko kwenye baiskeli ya gia nyingi, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Baiskeli ya gia ina mkono wa springi unaovuta ulegevu wa cheni, na zile za miaka ya karibuni zina midomo ya fremu iliyosimama wima: ekseli ikiingia juu kabisa, haina pa kwenda mbele wala nyuma. Kwiki hapo inazuia gurudumu lisidondoke tu. Kwenye gia moja hakuna springi. Cheni inakazwa kwa kusogeza gurudumu lenyewe nyuma, kwa hiyo mdomo wa fremu lazima uwe wa kulala ili ekseli iteleze ndani yake. Ukishapata mkazo unaotaka, kinachoishikilia ekseli isirudi mbele ni msuguano peke yake: meno ya kofia yakiwa yameuma chuma cha fremu.

Na nguvu inayovuta si ndogo. Mtu wa kilo 65 akisimama na uzito wake wote juu ya pedali, krenki (mkono wa pedali) ya milimita 170, sproketi ya mbele ya meno 46, cheni inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 120. Cheni iko upande wa kulia, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo huo, kama kilo 100, inaangukia mdomo wa kulia. Fikiria gunia la mahindi limening'inizwa kwenye ncha moja ya ekseli, kila anapokanyaga.

Mfuatano wa matukio

Fundi wa kwanza ndiye aliyeivua gia. Gurudumu lilikuwa na habu, yaani kitovu chake, ya friwili ya gia sita (friwili ni sproketi inayoachia gurudumu lizunguke pedali zikiwa zimesimama), na ukiondoa friwili ya gia sita ukaweka ya sproketi moja, cheni inakaa upande: sproketi ya nyuma haiko kwenye mstari mmoja na ya mbele. Dawa yake inajulikana. Unatoa spesa, zile pete za kujazia nafasi kwenye ekseli, upande wa kulia, habu inasogea, kisha unavuta spoku ringi irudi katikati. Alifanya hivyo na cheni ilinyooka vizuri. Spesa zilipotoka, ncha ya ekseli upande wa kulia ikawa inachomoza, akaikata kwa msumeno wa chuma. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Wiki ya kwanza gurudumu lilianza kusogea. Kijana alikuwa akiona tairi limeegemea mguu wa kushoto wa fremu, lile bomba linalopita kando ya gurudumu. Hiyo ni dalili ya wazi kwamba ekseli imekwenda mbele upande wa kulia, maana kulia kukitangulia, uso wa tairi unageukia kushoto. Alikuwa akisimama kando ya barabara, analegeza kwiki, analivuta gurudumu kwa mkono huku mguu ameuweka kwenye fremu, anakaza tena. Mara moja kwa wiki, baadaye mara mbili.

Akarudi kwa fundi. Fundi akaona kwiki imelegea, akaikaza. Ila alishika kishikio akakizungusha kama nati, kisha akaingiza bomba ili apate nguvu. Kishikio cha kwiki hakikazi kwa kuzungushwa. Kuzungusha ni kwa ajili ya kuweka nafasi tu. Kazi inafanywa na kemu pale unapokikunja. Uzi wa ufito ukachanika.

Kijana akaenda Kariakoo akanunua kwiki mpya, nyepesi, ya alumini, rangi nyekundu, inayovutia macho. Kemu yake ilikuwa ya nje, ile unayoiona wazi ikikaa juu ya kipande cha plastiki. Ikateleza siku ya pili. Hapo ndipo alipokuja kwangu.

"Shikamoo fundi. Hii baiskeli imenichosha. Gurudumu halitulii."

"Marahaba mdogo wangu. Ilete tuione."

Nilipoona kwiki ya alumini nikafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonifumba macho. Nilijua tayari kwamba kwiki za kemu ya nje zinabana kwa nguvu ndogo kuliko za kemu iliyofichwa, kwa sababu kemu kubwa juu ya plastiki inakula nguvu nyingi kwa msuguano. Nilijua pia kwamba meno ya alumini hayaumi chuma. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo kabla sijalitafuta. Nikamwekea kwiki ya chuma yenye kemu ya ndani, niliyoitoa kwenye gurudumu la zamani, nikaipaka mafuta kidogo kwenye kemu. Nikaifunga kama inavyotakiwa: kishikio kianze kuwa kigumu kikiwa kimenyooka sambamba na ufito, kisha kikunjwe kwa kiganja mpaka kiache alama kwenye ngozi. Kiliacha alama. Nikazunguka nayo mtaani kwetu mara tatu, kwenye tambarare, nikairudisha.

Siku hiyo hiyo aliniomba jambo la pili. Alitaka nimtolee friwili nimwekee sproketi ya fikisi, ile ambayo pedali hazisimami gurudumu likizunguka, kama anavyowaona vijana wa miji mingine kwenye video. Nilikataa. Nitaeleza sababu chini.

Siku ya nne simu ikaita asubuhi. Alikuwa akipanda mwinuko upande wa Ubungo, begi limejaa, amesimama juu ya pedali. "Fundi, nilisikia 'kwa!', halafu mguu ukaenda chini kama nimekanyaga hewa." Ekseli ilikuwa imeruka mbele upande wa kulia. Tairi likabanwa na mguu wa kushoto wa fremu, gurudumu likasimama, cheni ikalegea na kutoka. Alianguka upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara. Bajaji iliyokuwa nyuma yake ilifunga breki ikamkwepa. Kiwiko kilichubuka, goti likavimba, na wiki nzima hakufanya kazi.

Nilichokiona baada ya kuanguka

Alikuja nayo juu ya guta, na mimi sikuigusa kwiki mpaka nilipopata mwanga mzuri. Kishikio kilikuwa bado kimekunjwa. Nilikijaribu kwa kidole gumba: kigumu kama nilivyokiacha. Yaani kwiki haikulegea hata kidogo, na gurudumu lilitoka mahali pake. Roho yangu haikutulia mpaka nilipopata maelezo ya mambo hayo mawili kuwa kweli kwa pamoja.

Nikachomoa ufito, nikageuza fremu, nikasafisha midomo yote miwili kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mdomo wa kushoto ulikuwa na duara la vishimo vidogo, safi, kama alama za meno kwenye embe bichi. Kofia ilikuwa imeuma sawasawa. Mdomo wa kulia haukuwa na duara lolote. Rangi ilikuwa imekwanguliwa tu kwa mistari miwili mirefu iliyonyooka kuelekea mbele, na chuma kiking'aa ndani yake. Hapakuwahi kuumwa hapo. Palikuwa panaburuzwa.

Nikarudisha gurudumu bila ufito, nikalala chini nikaweka rula wima juu ya uso wa nje wa mdomo wa kulia. Rula ilikalia ncha ya ekseli ikayumba. Ekseli ilikuwa imetokeza nje ya fremu. Kwa vernia, unene wa mdomo ulikuwa milimita 5, na ekseli ilichomoza kutoka kwenye nati ya kufungia koni, kile kipande kinachokandamiza goroli za habu, kwa karibu milimita 7. Ile ncha iliyokatwa kwa msumeno ilikatwa ikabaki ndefu.

Sasa kila kitu kikaeleweka. Kofia ya kulia ilikuwa imekalia ncha ya ekseli, haikuifikia fremu. Nilipokunja kishikio, nguvu yote ilipitia kwenye ekseli na kuisukuma kushoto, na nati ya kushoto ikaubana mdomo wa kushoto dhidi ya kofia yake. Ndiyo maana kushoto kuliumwa vizuri na kulia kukabaki kunaegemewa tu. Na kulia ndiko kunakobeba gunia.

Kuna jambo lililonishughulisha zaidi ya hilo. Kwiki ya kwanza, ile kuukuu iliyokuja na gurudumu, ilisogea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Zilizofuata ziliteleza haraka zaidi, ijapokuwa ya mwisho ilikuwa bora kuliko zote. Kijana alikuwa ameihifadhi ile ya kwanza kwenye kopo. Nikazilinganisha kofia. Katikati ya kofia, ndani ya duara la meno, kuna kishimo, na ncha ya ekseli ikizidi kidogo huingia humo bila madhara. Kishimo cha kofia ya zamani kilikuwa kirefu, kwa hiyo meno yake yaliifikia fremu kwa shida. Cha kwangu kilikuwa na kina cha milimita moja na nusu. Nilimwekea chuma imara zaidi ambacho hakikuwa kikishika chochote.

Maamuzi na sababu zake

Nilimwambia kijana ukweli wote siku hiyo, rula mkononi, nikamwonyesha alama za pande mbili. Gharama za zahanati nililipa mimi, na wiki aliyokaa nyumbani nilimpa baiskeli yangu ya kufanyia kazi akipata nafuu. Halafu tukakaa kuamua.

Njia ya kwanza ilikuwa kuachana na kwiki: kuweka ekseli nzima isiyo na tundu, yenye nati mbili za kukazwa kwa spana namba 15. Mimi ndiyo niliyoitaka. Nati inakandamiza uso wa fremu moja kwa moja, na ekseli inaweza kuchomoza itakavyo, haina madhara. Lakini koni za habu yake zina uzi wa kimilimita, wa milimita 10. Ekseli nyingi za baiskeli za mizigo tunazozijua hapa ni za inchi, tatu kwa nane, na kwa macho zinafanana kabisa na za milimita 10. Koni ya moja haiingii kwenye nyingine, na fundi akilazimisha anaua uzi wa zote mbili. Tungelazimika kutafuta ekseli ya uzi ule ule, na yeye angelazimika kubeba spana kila siku na kupoteza ule wepesi wa kuziba pancha.

Njia ya pili ilikuwa kubaki na kwiki na kuikata ekseli kwa kipimo sahihi. Alichagua hii. Nilikubali kwa sababu moja: chanzo cha ajali nilikuwa nimekishika mkononi, na kilikuwa urefu wa ekseli. Baiskeli za mbio za enzi za midomo ya kulala zilitumia kwiki za chuma chini ya wanaume wenye mapaja kama magogo, wakipanda milima, na magurudumu yao yalikaa. Nisingeweza kumwambia kwamba kwiki haifai huku najua mimi ndiye niliyeikosea.

Kuna aliyeniuliza kwa nini sikuweka adjasta, vile vivuta cheni kama vya bodaboda, vinavyozuia ekseli kurudi mbele. Adjasta inahitaji mdomo unaofunguka kwa nyuma, ili ipate ukuta wa kushikilia. Fremu za mbio za zamani kama hii midomo yake hufunguka kwa mbele. Skrubu ndogo utakazoziona nyuma ya ekseli zinaizuia isirudi nyuma, na cheni haivuti nyuma. Mwenye fremu inayofunguka nyuma aweke adjasta upande wa kulia, nami namuunga mkono. Aangalie tu tundu lake: nyingi zimetobolewa kwa ekseli ya milimita 10, na ufito wa kwiki wa milimita 5 utacheza humo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilifungua habu, nikapitisha nati kwenye ekseli hadi nyuma ya mahali pa kukata, nikabana ekseli kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao. Nikakata, nikasawazisha kwa tupa, kisha nikaitoa nati kwa kuizungusha kuelekea ncha. Nati ikitoka inanyoosha uzi uliojeruhiwa na msumeno, na fundi asiyeanza na nati hiyo atakuja kujuta koni ikigoma kuingia. Nikasafisha tundu la katikati ili ufito usikwaruzwe. Ncha ikabaki milimita 4 kutoka kwenye nati, yaani milimita moja ndani ya uso wa mdomo. Nikakwangua rangi iliyobaki kwenye uso wa nje wa midomo yote, kwa sababu meno yakiuma rangi yanakuwa yameuma utando utakaovunjika.

Goroli nazo zinataka uangalifu wake. Kwiki ikikazwa inaikandamiza ekseli yenye tundu, ikapungua urefu kwa kiasi kidogo sana, na koni zinazidi kukaza. Kwa hiyo ukipanga koni bila kwiki, acha uchezi mdogo unaousikia kwa vidole; ukifunga kwiki uchezi huo unaisha. Ukiupanga uishe kabla, umeziua goroli. Hapo awali sikuwahi kuwa na sababu ya kulisema hili kwa mteja, lakini huyu anachomoa gurudumu kila usiku na anastahili kujua.

Mwisho nilichukua rangi ya kucha nyekundu ya binti yangu, nikachora mstari mwembamba kwenye uso wa fremu mbele ya kofia ya kulia, ukigusana nayo. Kofia ikisogea hata nusu milimita, mstari unafunikwa.

Na ile fikisi. Habu ya friwili ina uzi mmoja tu wa kulia. Habu ya fikisi ina ngazi mbili: uzi wa sproketi, na juu yake uzi mdogo zaidi unaokwenda kinyume, kwa ajili ya pete ya kufungia. Kwenye fikisi unapunguza mwendo kwa kuzikataa pedali kwa miguu. Sasa kwenye habu ya friwili, kuzikataa pedali ni kuifungua sproketi kwa nguvu za mapaja yako, na hakuna pete ya kuizuia. Wapo wanaoibana kwa gundi. Mimi siweki mtu barabarani juu ya gundi.

Matokeo

Siku ya kumkabidhi sikuzunguka mtaani kwetu. Tulikwenda wote hadi kwenye mwinuko, nikapanda mara tano nimesimama juu ya pedali, nikiwa na begi lake lililojazwa matofali mawili. Mimi nina kilo 78. Mstari wa rangi haukufunikwa. Tulipofungua kwiki, mdomo wa kulia ulikuwa na duara lake la vishimo kwa mara ya kwanza.

Miezi mitano imepita, masika yakiwamo. Gurudumu halijasogea. Mstari wa rangi unachorwa upya kila unapokwanguka, na sasa anauchora mwenyewe. Mara moja alikuja kishikio kimekuwa kizito: kutu ya chumvi ilikuwa imeingia kwenye kemu. Tukaisafisha kwa msasa laini, tukaipaka mafuta, ikarudi. Ameacha wazo la fikisi kwa sasa. Anasema akipata habu yake halisi atarudi, nami nimemwambia nitamfungia kwa moyo mmoja, na breki ya mbele itabaki.

Uchambuzi

Kilichomwokoa asubuhi ile ni friwili. Cheni ilitoka na gurudumu likasimama kwa kubanwa na fremu, akiwa anapanda taratibu. Laiti ingekuwa fikisi na yuko kwenye mteremko wa daraja, cheni ikitoka kwenye sproketi huku gurudumu linazunguka kwa kasi inaweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, nyuma yake kuna daladala. Kati ya maamuzi niliyofanya kabla ya ajali, hilo la kukataa ninalisimamia.

Kwiki ya chuma yenye kemu ya ndani ilikuwa chaguo sahihi pia, na bado ndiyo iliyoko pale. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kifaa bora kinatosha. Fundi wa kwanza alifikiri kwiki imelegea, kijana akafikiri kwiki imechakaa, mimi nikafikiri kwiki ni dhaifu. Watatu tulikuwa tunatazama kitu kile kile, na hakuna aliyeiangalia fremu. Alama za meno zilikuwapo tangu siku ya kwanza, upande mmoja zipo na upande wa pili hazipo. Ningelisafisha mdomo wa kulia kwa kitambaa kabla ya kufungua boksi la vipuri, kijana asingeanguka.

Ile sheria ya alama kiganjani sijaiacha, kwa sababu ni ya kweli: kishikio kinachokunjika kirahisi hakijabana. Lakini kiganja kinapima ugumu wa ufito tu, hakiwezi kujua ufito huo unabana fremu au unabana ekseli. Hilo linajulikana kwa rula, gurudumu likiwa ndani na ufito ukiwa nje, nayo ni kazi ya nusu dakika. Fremu zenye midomo ya bamba jembamba ndizo zinazoponza zaidi, kwa kuwa hata ekseli isiyoguswa na mtu inaweza kutokeza.

Jaribio langu nalo lilikuwa bure. Nililijaribu gurudumu kwenye tambarare, bila mzigo, nimekaa kitini, wakati malalamiko yalihusu mtu aliyesimama juu ya pedali akiwa na begi. Kwenye gia moja huna gia nyepesi ya kukimbilia. Mwinuko ukija unasimama, na hapo ndipo cheni inapovuta kwa nguvu zake zote.

Fundi wa kwanza nilimpigia simu, nikamweleza kwa heshima. Alikaa kimya kidogo, akasema aliacha ile ncha ndefu kwa kuogopa kuharibu uzi, na kwamba hakuwahi kuambiwa na mtu kuwa ncha inatakiwa iwe ndani. Nilimwamini, kwani hata mimi nililijua kwa kusikia na sikulipima. Alikuja siku ya Jumapili na ekseli mbili, tukakata pamoja kwa ile njia ya nati.

Kwa upande wa wizi, kwiki inamrahisishia mwizi kama inavyomrahisishia mwenye mali. Kijana hufunga mnyororo ukipita kwenye fremu na magurudumu yote mawili, hata akiingia ofisini kwa dakika mbili.

Baiskeli nyingine

Baada ya kisa hiki nilifungua daftari langu nikatafuta baiskeli zote za gia moja nilizozifanyia kazi zenye kwiki nyuma. Zilikuwa sita. Nikawapigia wenyewe mmoja mmoja, nikawaambia walete bure. Nne nilizipima kwa rula: tatu zilikuwa salama, moja ilikuwa imetokeza milimita moja kulia, ya mama mmoja anayempeleka mtoto shule akiwa amemkalisha kwenye keria. Nilikata siku ile ile akisubiri kwenye benchi. Ya tano mwenyewe aliiuza, akanipa namba ya aliyeinunua, naye yuko Bagamoyo. Tumekubaliana nitaifuata mwenyewe mwisho wa mwezi. Ya sita namba ya simu haipatikani. Ni fremu ya bluu yenye midomo ya kulala, na mwenyewe alikuwa akipita Magomeni asubuhi. Nimeshamwambia kila fundi ninayemfahamu njia ile, akiiona asimamishe.